Ukurasa wa Mto Katuma

Mwalimu Gaspar Sikazwe alikuwa amefundisha Jiografia kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba hajui kazi. Notsi zake zilisifika Mpanda nzima. Wanafunzi waliomaliza waliwarithisha wadogo zao madaftari yaliyojaladiwa kwa magazeti, na wadogo wakiyafungua walikuta maneno yaleyale waliyoyaona ubaoni asubuhi ile, mpaka mifano, mpaka mahali pa kupigia mstari. Kengele ikilia alikuwa mlangoni. Aliandika ubao mzima, akasoma kwa sauti alichoandika, akafuta, akaandika tena. Kipindi kilipoisha alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi.

Shule ilikuwa upande wa Ilembo, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa nyuma ya mabweni. Aliishi peke yake. Mkewe, Monika, alikuwa muuguzi, na mwaka tisini na tano alihamishiwa Tabora akaondoka na binti yao, Verdiana. Walisema ni kwa muda. Mwanzoni kila treni ilileta barua. Baadaye zikawa za mwezi kwa mwezi, kisha za sikukuu. Hawakugombana hata siku moja. Gaspar angependa wangekuwa wamegombana, maana angalau angejua ni siku gani mambo yalipoharibika.

Juni mwaka tisini na nane, reli ilipokuwa imetengenezwa baada ya zile mvua kubwa za El Niño, aliitwa Tabora kwenye semina ya wiki mbili. Walikuwa walimu thelathini kutoka mikoa ya magharibi. Mwezeshaji alikuwa kijana wa mjini humohumo, Feisal, mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliwagawia kila mmoja kipande cha karatasi.

"Ndugu walimu," alisema, "andikeni swali moja ambalo mwanafunzi wako alikuuliza mwaka huu. Moja tu, lile unalolikumbuka."

Walimu walicheka, wakainama. Gaspar naye akainama. Alianza na Januari akaja nayo polepole, darasa kwa darasa, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Aliziona sura zao na mikono inayoandika. Swali hakuliona. Akarudi nyuma mwaka mwingine, na mwingine. Kitu pekee kilichomjia ni: "Mwalimu, naomba kwenda nje." Karatasi zilipokusanywa, yake ilikuwa nyeupe. Feisal hakuwaaibisha watu, alizihesabu tu zile tupu, akasema, "Kumi na saba." Lakini Gaspar hakufarijika kwa kuwa na wenzake kumi na sita. Alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba miaka yote amekuwa akiongea kwenye chumba ambacho wenyeji wake walishaondoka.

Wiki ya pili waliingizwa kwenye chumba chenye kompyuta nne. Moja kati ya hizo ilifungwa kwenye laini ya simu iliyopiga mpaka Dar es Salaam, na kupitia huko, alisema Feisal, unaweza kusoma kilichoandikwa popote duniani. Kisanduku kando yake kililia kama panya waliobanwa mlangoni, kikanyamaza. Feisal akawaambia kila mmoja ataje mahali pa kwao.

"Katavi," alisema Gaspar.

Ilichukua muda mrefu. Ukurasa ulijichora kidogokidogo, mstari baada ya mstari, kuanzia juu. Picha ya viboko kwenye tope. Chini yake maneno ya Kiingereza ya mtu aliyepita Hifadhi ya Katavi siku tatu. Mtu huyo alieleza kwamba Mto Katuma hukauka kila mwaka kwa sababu ya ukali wa jua, na kwamba eneo lote halina watu.

Gaspar aliyasoma mara mbili. Aliyajua maneno ya jua lile. Yalikuwa kwenye notsi zake mwenyewe, kidato cha tatu, sura ya mito. Aliyatoa kwenye kitabu, na huenda huyu naye aliyatoa kwenye kitabu hichohicho.

"Na hili la watu?" alimuuliza Feisal. "Mbona kijiji cha Sitalike, hapohapo mtoni, kimejaa watu? Kuna Wapimbwe, kuna Wakonongo, kuna Wasukuma na ng'ombe wao."

"Basi waandike wao," Feisal alimjibu. "Huu ukurasa si wa serikali, Mwalimu. Mtu yeyote anaweza kuweka wake. Wanafunzi wako wakitafuta habari za mto wao wakaziandika, nitumie kwa treni. Mimi nitazichapa na kuziweka hapa."

Jumapili alikwenda kula kwa Monika, kwenye nyumba za wauguzi. Verdiana alikuwa amerefuka, akamwamkia kama anavyoamkiwa mgeni mwenye heshima. Monika alipika wali na kuku. Gaspar alieleza habari za semina tangu kunawa mikono mpaka sahani zilipotolewa: kwamba mwanafunzi ndiye awe katikati ya somo, kwamba mwalimu anyamaze watoto watafute, waulizane, wakosee, watengeneze. Aliongea vizuri. Alipotua, Monika alikuwa anafuta meza.

"Ni jambo jema, Baba Verdi," alisema. "Hata mimi nimepewa wodi ya watoto tangu Machi. Sijui kama nilikuandikia."

"Hukuniandikia."

"Basi sikukuandikia." Akakunja kitambaa. "Treni yako ni saa ngapi?"

Alirudi Mpanda akiwa na madaftari mawili ya mambo mapya na moyo uliokazana. Shule ilipofunguliwa Julai, aliingia kidato cha tatu bila chaki. Wanafunzi arobaini na wawili walifungua madaftari, wakashika kalamu. Akawaambia kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia, kwamba tangu leo wao ndio watakaouliza. Wakamwangalia. Akawapanga kwenye makundi ya sita sita. Wakakaa kwenye makundi, wakamwangalia tena kutoka huko.

Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo. Na cha pili. Nyumba za shule zilikuwa za mabati, na katika kimya kile mlio wa bati likijikunja kwa joto ulisikika kama mtu anatembea juu. Zamani kimya cha darasa kilimpendeza, alikiita nidhamu. Sasa alisimama mbele yake bila kitu mkononi, naye aliogopa. Kipindi cha nne alikaribia kuchukua chaki. Badala yake alikaa kwenye dawati tupu la nyuma, akasema kwa Kiswahili, bila kupanga:

"Jamani, nyie mnaniogopa mimi au hamna la kuuliza?"

Vichwa viligeuka. Kiswahili darasani kilikuwa na adhabu yake. Aliyekutwa anakiongea alivishwa kibao shingoni. Sauti ikatoka kundi la dirishani, sauti nzito kidogo kwa msichana.

"Mwalimu, tukiuliza kwa Kiswahili si kosa?"

"Leo si kosa."

Msichana alisimama. Aliitwa Nyanzala, binti wa Machibya, mfugaji wa karibu na Sitalike. Alikuwa akiishi Ilembo kwa shangazi yake. Gaspar alikuwa amemfundisha miaka miwili na nusu, akajua mwandiko wake, ila hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikisema zaidi ya "present".

"Ulitufundisha Katuma inakauka kwa sababu ya jua," alisema. "Mimi nataka kuuliza. Jua lilikuwa halipo zamani? Maana baba anasema alipofika hapa na ng'ombe, mwezi wa kumi maji yalikuwa yanafika tumboni mwa ng'ombe. Sasa mwezi wa kumi hayafiki kwenye kwato. Jua ni lilelile."

Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka, likamgeukia mwalimu. Gaspar alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, jibu lenye vipengele vinne, limelala kichwani miaka ishirini. Akalitazama jibu lile, akaona kwamba halijibu kitu.

"Sijui," alisema.

Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Redio imezimika," na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, cha watu waliokuwa wakikibania kwa miaka. Hapo ndipo alipojua jina lake la shuleni. Redio huongea, na wewe huwezi kuijibu. Alitabasamu mbele yao, lakini jioni, akichemsha maharage kwenye jiko la mkaa, jina lile lilikaa naye mezani.

Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Wiki zilizofuata maswali yalikuja, mengine ya kijinga, mengine ya kumtoa jasho. Septemba alimwomba Sadalla, mwenye duka la jumla mjini, awachukue kwenye lori lake lililokuwa linapeleka mzigo Sitalike. Walikwenda wanafunzi ishirini na wanane, wakasimama juu ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni, vumbi jekundu likawafanya wote kuwa ndugu wa rangi moja.

Mto ulikuwa umebaki madimbwi. Katika dimbwi lililo karibu na daraja, viboko walikuwa wamebanana migongo mpaka huwezi kuona maji, wakikoroma, wakigombania tope. Watoto wengi wa mjini walikuwa hawajawahi kuwaona. Gaspar hakueleza chochote. Aliwagawa, kundi likaenda kwa wavuvi, kundi kwa wakulima, kundi kwa wazee waliokuwa wamezaliwa hapo, na kundi la Nyanzala likaenda kwa baba yake. Yeye akafuatana na hao.

Mzee Machibya alikuwa mtu mkavu, mwenye shuka begani na fimbo nyeusi. Aliwakaribisha kwa viti vya miguu mitatu na maziwa ya mgando.

"Mwangaluka, Mwalimu," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Naambiwa shule imekuja kusoma kwangu. Mimi sijasoma. Mtasoma nini?"

Nyanzala alifungua daftari lake. Alimwuliza baba yake kwa Kisukuma, akawatafsiria wenzake kwa Kiswahili, na mwenzake mmoja akaandika. Mwaka gani ulifika? Mto ulikuwaje? Nani alikuwa anachota? Mzee alieleza vizuizi vya mpunga huko juu, watu wanavyoziba maji kwa matope na magogo ili mashamba yao yashibe kwanza. Alieleza kwa hasira, akichora mchangani kwa fimbo. Binti yake alingoja amalize, halafu akauliza swali jingine, na fimbo ya mzee ikasimama mchangani. Gaspar hakuelewa.

"Umemwuliza nini?"

"Nimemwuliza ng'ombe wetu wanakunywa kiasi gani kwa siku," alisema Nyanzala. "Na walikuwa wangapi alipofika, na sasa ni wangapi."

Mzee Machibya alimtazama binti yake kwa muda, kama mtu anayekagua ndama aliyezaliwa na alama asiyoitarajia. Kisha akajibu. Walifika na ng'ombe arobaini. Sasa ni mia mbili na zaidi. Na walikuja wengine nyuma yake, ambao aliwaita mwenyewe.

"Andika," alimwambia binti yake. "Kama unaandika ya wenye mpunga, andika na hayo."

Kwenye lori, wakirudi, wanafunzi waliimba njia nzima. Gaspar alikaa mbele na dereva. Alifurahi kiasi kwamba alitaka kumweleza mtu, na alipopekua moyoni ni nani wa kumweleza, akaishia kutazama barabara.

Kazi ya kuandika ilichukua majuma matatu. Waligombana kuhusu kila sentensi. Waliandika kwa Kiswahili, kwa sababu wakiandika kwa Kiingereza wangekuwa wanaandika kile tu ambacho Kiingereza chao kilikiweza. Kurasa tisa za daftari, na ramani ya mto iliyochorwa kwa wino wa bluu, zikaingia kwenye bahasha ya kaki. Gaspar alimkabidhi mhudumu wa behewa anayemfahamu, ampelekee Feisal Tabora.

Jumatatu iliyofuata, Maximilian alimngoja nje ya ofisi ya walimu. Alikuwa kiranja wa taaluma, kijana wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza, mtoto wa mama anayeuza mihogo sokoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Maximilian."

"Mwalimu, nimetumwa na wenzangu. Lakini hata mimi mwenyewe nasema." Alikuwa amesimama wima kama yuko paredi. "Tunaomba uturudishie notsi."

"Hamkupenda kwenda mtoni?"

"Tulipenda. Lakini mtihani wa taifa hautatuuliza Mzee Machibya ana ng'ombe wangapi. Utatuuliza kwa Kiingereza, vipengele vitano. Kidato cha tatu wa mwaka jana, mwezi huu walikuwa wamemaliza sura saba. Sisi tuna mbili." Sauti yake ikayumba kidogo. "Wewe umeshasoma, Mwalimu. Una mshahara. Mimi nikifeli narudi kwenye mihogo."

Gaspar alimwambia kwamba mtu anayejua kuuliza hashindwi mtihani. Alipokuwa anasema hivyo alijua kwamba hana ushahidi. Maximilian alishukuru kwa adabu, akaondoka. Siku mbili baadaye barua ilifika kwa mkuu wa shule ikiwa na sahihi thelathini na moja. Haikuwa na matusi. Ilisema tu kwamba mwalimu wa Jiografia amekoma kufundisha.

Mkuu wa shule, Mwalimu Salvatori, alikuwa amesoma chuo kimoja na Gaspar. Alifunga mlango wa ofisi kabla ya kuongea.

"Gaspar, una nini?"

"Nafundisha, Mkuu."

"Wanasema hufundishi. Wanasema unakaa nyuma kwenye dawati. Unaongea Kiswahili kipindini. Sasa na mimi nikiulizwa wilayani, nitajibuje? Nitasema mwalimu wangu bora amekwenda Tabora wiki mbili akarudi hivi?"

"Kwenye semina walituambia—"

"Semina!" Salvatori alikaa, akavua miwani. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Waliokupa semina watakuja kusahihisha mitihani? Ndugu yangu, mimi nakuheshimu. Ila watoto hawa wana nafasi moja tu. Usiwafanyie majaribio."

Januari mwaka tisini na tisa, ratiba mpya ilipobandikwa, jina lake halikuwa kwenye kidato cha nne. Alipewa vidato vya kwanza, mikondo yote miwili. Ofisini hakuna aliyemsema. Walimu waliacha tu kumuuliza mambo. Akiingia wakati wa chai, mazungumzo yalihamia kwenye mpira au bei ya tumbaku, yakangoja atoke. Aliyechukua kidato cha nne aliomba madaftari yake ya zamani ya notsi. Gaspar alimpa yote. Aliyasikia yakisomwa kupitia ukutani, sentensi zake mwenyewe kwa sauti ya mtu mwingine, na mara mbili tatu alijikuta ametangulia kuzisema.

Wiki ileile ya ratiba mpya, bahasha ilikuja kutoka Tabora. Ndani yake kulikuwa na karatasi tano zilizochapwa. Juu, kwa herufi nene, iliandikwa MTO KATUMA, na chini yake majina ishirini na nane. Ramani ya wino wa bluu ilikuwa imeingia, imefifia kidogo lakini mto unaonekana. Feisal aliandika barua fupi kwa mkono: "Mwalimu, ukurasa uko hewani tangu tarehe tisa Desemba. Watu kumi na tisa wameufungua. Saba kati yao ni mimi." Halafu, kwenye karatasi ya mwisho, alikuwa amechapa ujumbe uliokuja kwa barua pepe, akautafsiri kwa Kiswahili. Mtu fulani anayefundisha mambo ya mito kwenye chuo cha mbali alikuwa ameomba mtu amsomee ukurasa ule. Aliuliza: "Nani kati ya wanafunzi alifikiria kuhesabu ng'ombe wa nyumbani kwake? Tafadhali mwambieni naomba kujua jambo moja: maji yalianza kupungua kabla ya vizuizi au baada?"

Gaspar alivuka uwanja karibu mbio. Kidato cha nne walikuwa mapumzikoni. Alitazama kundi la dirishani, akamwuliza Maximilian, "Nyanzala yuko wapi?"

"Hajaripoti, Mwalimu."

"Anaumwa?"

"Hapana. Wanasema wamehama, wakamchukua naye kutoka kwa shangazi yake. Baba yake amehamisha ng'ombe kwenda bonde la Rukwa, huko kwenye maji."

Alimpa Maximilian zile karatasi awaonyeshe wenzake. Walizizunguka, wakatafuta majina yao, wakacheka jina la mmoja lilivyokosewa. Kengele ikalia, wakamrudishia. Walikuwa na kipindi cha Hesabu.

Jumamosi alipanda baiskeli mpaka Sitalike, safari ya nusu siku kwenye matope ya mvua. Zizi la Machibya lilikuwa limeshaanza kuota magugu. Miiba ya uzio ilikuwa imechukuliwa na majirani kwa kuni. Kiti kimoja cha miguu mitatu kilikuwa kimeachwa, kimevunjika. Mwanamke mmoja aliyekuwa analima jirani alimwambia waliondoka kabla ya Krismasi. Binti alilia, alisema yule mama, lakini alibeba kisanduku chake cha vitabu mwenyewe, hakutaka kipakiwe kwenye mkokoteni. Gaspar alisimama darajani. Maji yalikuwa mengi, ya kahawia, yanakwenda kasi, na viboko walikuwa wametawanyika kila mmoja na lake. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza kitu. Akageuza baiskeli.

Miezi ikapita. Aliwafundisha kidato cha kwanza kwa namna yake mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imemfia mkononi. Mkuu hakumfuatilia, maana vidato vya kwanza havina mtihani wa taifa. Watoto wadogo walikuwa hawajazoea notsi, kwa hiyo hawakuzililia. Alipima nao mvua kwa mkebe wa rangi, wakaandika kila siku ukutani. Mara mbili alimwandikia Monika. Barua ya pili ilikuwa na maswali tu kuhusu wodi ya watoto. Monika alijibu ukurasa mzima, mrefu kuliko zote za miaka mitatu, habari za mtoto mmoja aliyepona utapiamlo na mwingine ambaye hakupona. Hakusema chochote kuhusu kurudi. Gaspar aliisoma mara nyingi, na hakujua kama aliyeandika ni mke wake au ni mtu anayeanza kumfahamu.

Agosti, saa nne asubuhi, mtoto wa zamu alimwita kwamba kuna mzee anamngoja getini. Alikuwa Machibya, amekonda, fimbo yake ileile mkononi. Alikuwa amepanda malori matatu.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu, bila kukaa, "umeniharibia mtoto."

Gaspar alisogea karibu, na mzee akaendelea.

"Kila kitu kwa nini. Kwa nini tunahama, kwa nini ng'ombe wengi, kwa nini huyu anaolewa na yule. Watu wamekuja na mahari, akawauliza wao wenyewe maswali, wakaondoka na ng'ombe wao." Mzee alitikisa kichwa, na ilikuwa vigumu kusema kama anachukia au anajisifu. "Nimechoka kusema sijui. Kuna shule kule Sumbawanga wamesema watampokea, arudie kidato cha tatu. Wanataka barua ya uhamisho. Nimeifuata."

"Yeye hajambo?"

"Yupo na mama yake. Ng'ombe hawaachwi."

Gaspar alikwenda ofisini. Salvatori aliandika barua, akaitafutia muhuri kwenye droo, akauliza huku akiupulizia pumzi, "Huyu ndiye yule wa mto?"

"Ndiye."

"Alikuwa na alama gani?"

"Za katikati, Mkuu."

Salvatori aligonga muhuri, akaongeza mstari mmoja kwa kalamu yake mwenyewe: *Ni mwanafunzi mdadisi.* Akamrudishia.

Katika bahasha ileile Gaspar alitia karatasi tano za Tabora, na ile yenye swali la mwalimu wa mbali akaiweka juu. Alitaka kuongeza neno lake. Alisimama na kalamu, mzee akingoja kwenye jua. Alitaka kumwambia kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza, kwamba tangu siku ile hajui tena kusimama mbele ya ubao kama zamani, na kwamba hajutii, ingawa kuna siku zinapita bila mtu yeyote kumwita jina. Mwisho aliandika: "Nyanzala, hili ni swali lako. Mimi silijui jibu. Ukilipata, andika." Akaweka anwani ya shule.

Mzee Machibya aliitia bahasha ndani ya shuka, akashikana naye mkono kwa mikono miwili, akaenda kutafuta lori. Jibu halikuja mwezi ule, wala mwaka ule haukuwahi kuleta barua yenye muhuri wa Sumbawanga. Mitihani ya kidato cha nne ilifanyika Novemba. Maximilian alipita kuaga, akiwa amevaa shati jipya, akamwambia kwamba Jiografia ilikuwa na swali moja kuhusu mito, na kwamba alilijibu kama notsi zilivyosema.

"Umefanya vizuri," Gaspar alimwambia, na alikuwa anasema kweli.

Lakini siku ile ya Agosti, baada ya kumsindikiza mzee mpaka barabarani, alikuwa amechelewa kipindi kwa dakika ishirini, jambo ambalo halijapata kutokea tangu aanze kazi. Alipokaribia darasa la kidato cha kwanza alisikia makelele, akaharakisha, halafu akapunguza mwendo. Hawakuwa wanacheza. Walikuwa wamehamisha madawati, na msichana mmoja mfupi, Hadia, alikuwa amepanda juu ya kiti kando ya jedwali la mvua, akibishana na nusu ya darasa kuhusu kwa nini Aprili ilizidi Machi, wengine wakipiga kelele kwamba mkebe ulikuwa umejaa majani, wengine kwamba aliyesoma kipimo alikosea. Kila mmoja alikuwa anamsikiliza mwingine ili ampate alipokosea.

Gaspar alisimama nje, pembeni ya mlango, mahali ambapo hawakumwona. Mkono ulikuwa umeshagusa komeo. Alikaa hapo, akisikiliza, jua likimchoma mgongoni, mpaka kengele ya kipindi kingine ilipolia, na hakuna aliyetoka kumtafuta.